Mwandishi wa Michezo ya Kaka Ngowa

Ndia Kuu, Mji wa Kale,
Mombasa.
14 Juni 2024

Mpendwa dada Mejumaa,

Salamu nyingi ziwafikie huko Mtwara. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha shemeji? Mimi ni mzima, ila barua hii si ya salamu tu.

Waujua ugomvi wa ile michezo minne waliyoigiza makuli wa bandari ya Kilindini. Sisi husema aliitunga marehemu kaka Ngowa. Jamaa za mwalimu Muhdhar husema ni baba yao. Nakala zilizobaki ni za taipureta, hazina jina.

Mjukuu wetu Sheryl, anayesomesha chuo kikuu, aliipa kompyuta kazi hiyo. Huhesabu maneno madogo ambayo mtu huyaandika bila kufikiri, kama "basi", "ila" na "hata", kisha hulinganisha na maandishi ambayo mwandishi wake anajulikana. Akina Muhdhar walileta hotuba za baba yao. Mimi nilitoa barua ambazo kaka alimpelekea baba Kaloleni.

Barua zikashinda. Mwana wa Muhdhar alinipa mkono akicheka, "Mzee Thoya, angetushinda mtu tungekata rufaa. Mashine tutaishtaki wapi?" Kitabu cha michezo hiyo kikawa tayari kupigwa chapa kwa jina la kaka.

Jumapili nilizisoma tena zile barua, kwa kuikumbuka tu Kaloleni niliyoihama kabla ndevu hazijanitoka. Ya tarehe 9 Machi 1974 inasema mkono wa kulia wa kaka umevunjika kazini, umefungwa plasta. Hati ni ileile ya barua zote. Nikaiweka kando ya barua zako: hati ni yako.

Nikampa Sheryl barua ulizoniandikia wewe tangu kaka afariki. Jibu lilikuja jana: aliyeandika barua zako na aliyetunga michezo ni yuleyule.

"Babu, kompyuta haikukosea," akaniambia. "Nani aliyesema barua ni za Babu Ngowa?"

Ni mimi. Kwetu barua ilikuwa ya anayetuma salamu. Aliyeshika kalamu hakutajwa.

Dada, miaka hamsini nimemsifu kaka mbele yako, nawe kimya. Nikija kuwatembelea wewe na kaka huko Majengo nilikuwa nikikukemea, "Punguza kelele za sufuria, kaka anatunga." Ulikuwa ukijibu, "Haya, kaka," kisha ukifunga mlango wa jikoni.

Nimemzuia mpiga chapa hadi Alhamisi ijayo. Jalada sasa halina jina. Sitaki kuliandika lako bila ruhusa yako, kama tulivyoliacha nje bila ruhusa yako.

Nisalimie shemeji, pamoja na Kiti na Joy wa hapo nyumbani. Mola akuzidishie afya, na uhai wa kukishika kitabu hicho mkononi.

Nduguyo akupendaye, na akuombaye radhi,
Thoya