Kitufe cha Hodi

Alhamisi, Voi.

Kile kidoti cha kijani nimekifuta. Wiki nzima nilikipamba kionyeshe kwamba simu ya pili imewashwa, maana programu yangu hupeleka ujumbe moja kwa moja, simu kwa simu, zote mbili zikiwa zimewashwa. Nikamwekea Mama kule Rukanga aijaribu, lakini hakuandika kitu. Nikampigia.

"Nitaanzaje kuongea na sijakaribishwa?"

Nilikasirika, kusema kweli. Mchana nikaweka kitufe cha Hodi. Simu ya pili ikiwa imewashwa, inajibu Karibu.

Bado nahofia chaji ya simu ya Mama kuisha, na ndovu wanavyozunguka shamba lake...

Jioni hodi ikaingia. Ni Mama: "Ndovu wamepita mbali leo. Wewe umekula?"

Sikuwa nimekula. Nikamjibu nimeshiba, na sikudanganya.