Jibu Lililo Chunguni

Bombay, 3 Novemba 1968
Mwaka wa ishirini na tisa tangu nitoke Kutch

Mpendwa dada yangu Jenabai,

Pokea salamu zangu. Natumai magoti yako yamepata nafuu na mto bado una maji ya kusuuzia vitambaa. Mimi ni mzima, ila macho yamepungua. Nasoma gazeti asubuhi tu, jua likiingia dirishani.

Barua yako imefika. Unasema kaka yetu Alimamad hainuki tena kitandani, hali kitu ila uji wa uwele, na kila akizinduka anauliza kama nimekuja. Anataka nimsamehe kabla hajafa, ila kosa lenyewe hataki kulitaja.

Nitalitaja mimi, maana wewe ulikuwa mdogo. Unajua kwetu bwana harusi huchapa maua kwenye shela ya mchumba wake kwa mkono wake, kisha shela huchemshwa na mizizi ya rangi nyekundu mbele ya wakwe. Shabu tunayochapia ndiyo hushikisha rangi ya mizizi, lakini yenyewe haina rangi, hivyo mchapaji huchapa kama kipofu. Wekundu hutokea chunguni. Nilichapa shela ya mchumba wangu Sherbanu kutwa nzima. Tulipoitoa kwenye maji ya mizizi na kuisuuza, haikuwa na ua hata moja. Mjomba wake akauliza, "Huyu kachapa au kapapasa?" Watu wakacheka. Alimamad akawatuliza wakwe, akisema nyumba hii ina kijana mwingine mwenye mkono. Mwezi uliofuata Sherbanu akaolewa na Alimamad mwenyewe.

Jioni ile, nikiosha bakuli, nilionja ujiuji wa kuchapia uliobaki. Shabu ina ukakasi unaokunja ulimi. Ule ulikuwa gundi tupu isiyo na shabu, na aliyenikorogea ni Alimamad. Nilimwambia baba. Akanijibu kwamba mchapaji mbaya hulaumu bakuli. Kesho yake nikaondoka.

Katika kifurushi hiki mna kitambaa cheupe. Mwambie Alimamad kwamba jibu langu nimelichapa humo kwa shabu. Washa moto karibu na kitanda chake, ukichemshe na mizizi, asikie harufu yake, angoje. Kisha kisuuze, umnyooshee mbele ya macho.

Hataona kitu. Ni shela ile ile niliyoondoka nayo. Sikuongeza hata tone la shabu. Maneno haya usimsomee mpaka kitambaa kikauke.

Wabusu wajukuu, na dumu na dawa yako ya magoti. Sherbanu akiuliza habari zangu, mwambie nakula vizuri.

Sitarudi.

Kaka yako,
Tayab