Tanki Iliyokosa Pumuzi

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Nimefunga duka yangu ya vipuri mapema. Bateja balikuwa bachache, wale tu benye kutafuta minyororo na breki za pikipiki. Nikavaa salopette ya kazi, nikaingia tena chini ya gari ya Papa. Kila jioni ni vile sasa. Mikono nyeusi, mugongo unauma. Niko na furaha ya kijinga.

Leo nimeipeleka Rughenda, ku barabara ya pembeni ya uwanja wa ndege. Kagari kadogo, kekundu, viti mbili tu, juu wazi. Papa aliinunua kwa muzungu wa kahawa mbele mimi nizaliwe. Imelala mu garage miaka na miaka. Mais leo ilikimbia! Bamama benye kubeba mihogo balisimama kuiangalia. Nilibapungia mukono kama mke wa gavana.

Kisha ikakohoa. Ikazima. Nikangoja pale kama mupumbavu. Ikawaka tena, kama vile hakuna kitu. Ikakimbia. Ikazima.

Kila ikizima nasikia kitu nyuma: bom! Kama mutu amepiga ngoma mara moja tu. Sijue ni nini.

Jumanne, tarehe 3

Yaya Kambale, kaka yangu mukubwa, amepiga simu kutoka Beni. Papa anaishi kwake tangu Mama afariki. Kambale anataka kubomoa garage ya hapa Butembo, ajenge nyumba ya kupangisha. Na gari?

“Tutaikata, tutauza chuma.”

Alisema vile, kama anaongea juu ya mabati ya zamani. Nikapandisha sauti. Na yeye akapandisha. Papa akamunyanganya simu.

“Kavira, gari inatembea?”

“Inatembea, Tata.” Nusu ya ukweli.

“Basi ilete. Ikifika Beni ikitembea na mapira yake yenyewe, ni yako. Mwisho Jumapili ya tarehe 15. Isipofika, acha ndugu yako afanye vile anataka.”

 Nitaifikisha.

Jumatano, tarehe 4

Hamisi amepita kisha swala ya alasiri. Ni jirani, mwenye lori. Anabeba mizigo kati ya Butembo na Beni tangu ujana wake. Akafungua capot, kile kifuniko ya motere, akasikiliza, akatikisa kichwa.

“Ni pompe ya esansi, ile inavuta petroli, Maman Kavira. Ikipata moto inachoka.”

Ina maana. Inazima ikisha kukimbia, inawaka ikisha kupumuzika. Nimetoa pompe mupya mu duka yangu mwenyewe, tumeifunga pamoja. Sitalala muzuri. Kesho, Rughenda.

Alhamisi, tarehe 5

Haikuwa pompe.

Ilizima. Bom. Nikapiga mulango teke. Mulango haina kitu, muguu ndio umevimba. Hamisi sasa anasema ni bobine, ile ya kutoa moto wa plagi. Tukabadilisha bobine. Ikazima. Sasa anasema ni carburateur. Nilimwambia aende kula.

Ijumaa, tarehe 6

Nimepata! Nimepata, nimepata!

Ilizima Rughenda kama kawaida. Nikasema labda esansi imeisha, niangalie. Nikazungusha kifuniko ya tanki. Kabla haijatoka ikapiga mluzi: fiiiii. Hewa haikuwa inatoka. Ilikuwa inaingia! Niliisikia inavutwa katikati ya vidole vyangu. Na kisha, ndani ya tanki: bom!

Nikakimbia ku kiti. Nikawasha. Ikawaka palepale, bila kungoja.

Nikafunga kifuniko, nikaendesha mpaka ikazima. Nikafungua. Fiiiii, bom, ikawaka. Nikarudia. Tena. Nilicheka peke yangu barabarani, na soda mumoja, askari wa pale uwanja wa ndege, alikuja kuuliza kama niko na shida.

Ni kitu rahisi kabisa. Pompe inavuta esansi, lakini hakuna hewa inaingia kujaza nafasi. Kama vile mutu anakunywa mu chupa ya plastiki bila kutoa mudomo: chupa inabonyea, na maji inakatala kutoka. Tanki inabonyea vilevile. Ile bom ni bati yake inarudi mahali pake. Na tukiiacha, hewa inapenya polepole, njo maana inawaka ikisha kupumuzika.

Gari haina ugonjwa. Imekosa pumuzi tu.

Jumamosi, tarehe 7

Nimeendesha na kifuniko haikukazwa. Haikuzima hata mara moja! Hamisi alipiga makofi.

“Njo vile! Twende nayo Beni!”

Mais ku mupando ya kwanza ya kilima esansi ikaruka nje, ikateremuka ku mwili wa gari mpaka karibu ya bomba ya moshi. Harufu ikajaa. Macho ikatoka machozi. Nikazima motere, nikashuka mbio.

Hapana. Siende kwa Papa ndani ya jiko. Wenye kuitengeneza hii gari balikuwa na akili, lazima baliacha njia ya hewa mahali fulani. Niitafute.

Jumapili, tarehe 8

Misa. Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nawaza juu ya tuyau, ile bomba ya hewa.

Jumatatu, tarehe 9

Iko! Nimetoa viti, nimetoa tapis, zulia yote ya nyuma. Katuyau kadogo, kembamba kama kidole yangu ya mwisho, kanatoka juu ya tanki, kanapita nyuma ya kiti, kanashuka, kanatokea chini nyuma ya pira ya gurudumu. Rangi nyeusi ilikafunika, njo maana sikukaona.

Nikapuliza na mudomo. Ngumu kama ukuta. Nikaweka pompe ya baiskeli. Ngumu. Hamisi akaleta kamba ya breki ya baiskeli, tukaisukuma ndani polepole. Udongo mukavu ukaanza kuanguka. Kisha mabawa. Manyigu! Walijenga nyumba yao mule ndani, chumba kwa chumba, gari ikilala.

“Kumbe uko na bapangaji,” Hamisi akasema. “Ndugu yako atafurahi.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tukapuliza tena. Hewa ikapita, ikalia ndani ya tanki kama mutu anapuliza ku mudomo ya chupa. Nikafunga sachet ya plastiki ku mwisho wa katuyau, tukasukuma gari nje, ku jua kali. Tukakaa tukiiangalia kama batu benye kungoja yai ipasuke. Sachet ikatikisika. Ikajaa polepole, ikasimama. Esansi ilipata joto ya jua, na hewa yake ikapata njia. Tanki inapumua!

Nimekata kipande cha chujio ya chai, nimekifunga ku mwisho wa katuyau. Manyigu batafute nyumba ingine.

Jumatano, tarehe 11

Rughenda, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kifuniko imekazwa. Hapana bom. Hapana mluzi. Esansi njo iliisha kabla mimi nichoke. Tunatoka Ijumaa, Hamisi nyuma yangu na lori yake.

Ijumaa, tarehe 13

Barabara ya Beni imefungwa. Risasi zilisikika mu pori upande ule, basoda banasema tungoje. Hakuna mwenye kujua mpaka wakati gani. Basafiri bamekaa juu ya mizigo yao ku parking. Mama moja anarudi Beni na mutoto mugonjwa, na mimi nalia kwa sababu ya gari. Niliona haya. Nililia hata vile, kidogo.

Nikaosha gari. Sikujua kitu ingine ya kufanya.

Jumamosi, tarehe 14

Naandika ku meza ya Kambale. Beni. Beni!

Barabara ilifunguliwa asubui. Ule mama na mutoto wake balipanda lori ya Hamisi, mbele, karibu naye. Mimi mbele yao na kagari, kitambaa ku kichwa, vumbi mu meno. Maboya tulipita ikiimba. Ku kona za Kabasha, ikakohoa.

Ikazima.

 Hamisi akashuka ku lori. Pale si mahali pa kukawia, benye bunduki bako mu pori, kila mutu anajua. Nikaenda ku kifuniko. Nikaifungua polepole, sikio karibu.

Kimya. Hakuna mluzi.

Furaha ikanipanda pale pale! Kama hakuna mluzi, tanki inapumua. Donc shida haiko nyuma tena, iko mbele. Nikafungua filtre ya esansi, chujio yake. Imejaa kutu, vipande-vipande. Tanki ilibonyea na kurudi mara ngapi? Kutu yake yote ya ndani iliachia. Nikamwaga, nikapuliza, nikafunga. Hamisi alikuwa anaangalia pori, hapana mimi. Nikawasha.

Ikawaka.

“Allah!” akasema Hamisi, na akakimbia ku lori yake. Sijawahi kumuona akikimbia.

Tuliingia Beni jua ikiwa ingali juu. Papa alikuwa ku mulango, amesimama na fimbo yake. Alisikia sauti mbele ya kuiona. Aliweka mukono ku capot, akautoa haraka kwa sababu ya moto, akauweka tena.

“Ilikuwa na nini?”

“Manyigu, Tata. Ilikuwa haipumue.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Wasingya, Kavira,” akanishukuru kwa Kinande. “Wasingya.”

Kambale alizunguka gari. Akapiga pira na kiatu. Akazunguka tena. Kisha akanyoosha mukono aombe funguo. Nikamupa. Alienda nayo mpaka karibu ya Mavivi na akarudi na uso wa mutu mwengine.

Jumapili, tarehe 15

Misa ya kwanza. Chai na mikate. Joto ya Beni imeanza mapema.

Nilitoka kuangalia mafuta ya motere. Papa alikuwa amekaa tayari mu gari, ku kiti ya pembeni, mulango imefungwa. Alivaa koti yake nzito ya sufu, ile hakuna mutu anavaa huku, ile ya baridi ya Butembo. Jasho ilikuwa inateremuka ku paji la uso wake.

Hakuna mutu alimualika arudi Butembo na mimi. Na yeye hakuuliza.

Nilimuangalia Kambale, alikuwa amesimama ku mulango.  Kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku ya Papa, akaifunga na kamba nyuma ya viti, polepole, akijaribu kila fundo.