Punje Tatu za Woodbury

Jumatatu, 24 Machi

Maple Grove tena, kusafisha viwanja vya watu. Majani ya mwaka jana yamelowa na kushikana kama chapati za juzi. Unayakwangua kwa reki, chini yake nyasi imelala kama nywele za mgonjwa. Kwenye kona ya maegesho bado kuna rundo la theluji, jeusi kwa moshi, refu kuliko mimi. Mgongo unauma. Mkono wa kulia umekufa ganzi mpaka kiwiko.

Mchana ndani ya pikapu nikasikiliza ujumbe wa sauti wa Mama. Mvua imeanza. Amepanda shamba lake Jumamosi. Mwisho akasema, "Sasa ni wewe, Omondi."

Nilijua itakuja. Nilidhani itachelewa.

Jumanne, 25 Machi

Sikupata usingizi mzuri. Naandika labda mawazo yatapungua.

Kwetu mbegu haitoki ndani ovyo. Mwenye boma hupanda kwanza. Halafu mtoto wa kiume mkubwa, ndiye mimi, na mkewe. Halafu anayemfuata, mpaka kitinda mimba. Mdogo akimtangulia mkubwa, amemruka, na chira inaingia nyumbani. Watoto wanakonda. Ng'ombe anakufa bila sababu. Miaka yote niliyokuwa huku Amerika Baba alilibeba hilo. Alikuwa anasema, "Hizi ni za Omondi," anatupa punje shimoni, na hakuna aliyembishia.

Baba alikufa Novemba. Sikumzika. Kesi yangu ya makaratasi bado haijasikizwa, na nikitoka nchi hii sitaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo nipo. Siko jela ila sitoki.

Mimi ni Mkristo. Siamini chira. Naiogopa tu.

Jumatano, 26 Machi

Ouma alipiga simu wakati wa chakula. Ndiye anayenifuata. Ana watoto watano na hana kazi nyingine ila shamba.

Aliniita "mzee wa Amerika." Akasema, "Kaka, mvua haingoji makaratasi yako."

Nilimwambia azungumze na Mama. Akasema Mama amemwambia azungumze na mimi. Mkate wangu ukanishinda, nikampa Baba Furaha. Huyu Baba Furaha ni Mkongo wa Fizi, tunafanya naye kazi, tunakaa jengo moja, na gari ni lake. Mimi sina gari. Asiponichukua asubuhi siendi popote.

Ijumaa, 28 Machi

Kikao kimefanyika nyumbani. Waliniweka kwenye simu, mezani, katikati ya vikombe vya chai. Nilisikia vijiko. Nilisikia kuku.

Mama alisema bila mimi kuwepo haiwezekani. Ouma alisema basi watoto wake wanile mimi. Baba mdogo Opiyo akawanyamazisha. Akasema dunia imebadilika, watu wako kila mahali, na udongo wa Mungu ni mmoja. Hukumu yake hii. Nitie punje tatu za mahindi kwenye ardhi ya huku kwa mkono wangu. Ardhi, si mkebe, si ndoo. Usiku huo koti langu lilazwe kitandani upande wangu, maana mke hapandi kabla ya kulala na mumewe, na asubuhi mke wangu Akinyi apande. Baada yake Ouma. Baada ya Ouma, Okoth.

Akinyi akauliza kwa sauti kubwa, "Nilale na koti?"

Baba mdogo akamjibu, "Heri koti, mama. Halikoromi."

Watu wote walicheka. Nami nilicheka, peke yangu, kwenye pikapu. Koti lenyewe ni la bluu. Niliambiwa huku nitanunua jingine zito zaidi, nikaliacha. Sikujua naliacha linifanyie kazi.

Jumamosi, 29 Machi

Mahindi nimepata kwenye duka la Waafrika, yale meupe ya kuchemsha na maharagwe. Nimechagua yenye kiini kizima. Kwenye duka la mbegu wana mengine yamepakwa rangi ya waridi kama dawa ya wadudu. Hayo sikuyataka.

Ardhi ndiyo tatizo. Nilichukua sepetu nikaenda nyuma ya jengo letu. Ikaruka mkononi kama nimepiga reli. Juu matope kidogo, chini barafu. Baba Furaha alisimama dirishani akiangalia, halafu akashuka na vikombe vya chai.

"Kaka, hii udongo iko kama simenti. Unataka kupanda ao kuzika?"

Nilikuwa bado nacheka naye alipokuja msimamizi wa jengo. Akasema hapa hakuna kuchimba. Akarudia polepole, kama mimi ni mtoto. Nikajibu sawa.

Miaka minne nachimba udongo wa mji huu. Sina hata wa kujaza kiatu.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua ya barafu. Hatukufanya kazi. Ouma ameandika mara nne. Sijajibu hata mara moja.

Otieno ananiita niende kwake Texas. Tulisoma pamoja mpaka darasa la saba. Anasema kwenye ghala lao wanataka watu, hakuna baridi, niende Juni. Nimemwambia naja. Sioni cha kunizuia.

Alhamisi, 3 Aprili

Tulikuwa Woodbury, nyumba ya matofali mekundu. Mwenye nyumba ni mama mzee ambaye sijamwona hata siku moja, naona pazia tu likisogea. Ukuta wa kusini unapigwa na jua tangu asubuhi. Nilipoondoa majani chini yake, maua yake yalikuwa yameshatoa ncha. Nikachomeka kidole. Kikaingia chote. Udongo ulikuwa laini, na vuguvugu. Moyo ulinienda mbio kama wa mwizi.

Bosi hataki mchezo na bustani za wateja. Mwaka jana alimfukuza mtu kwa kukata mabua mawili ya mboga kwenye uwanja wa watu. Mawili. Yule mtu alikuwa na makaratasi, akapata kazi nyingine wiki hiyo hiyo. Mimi nikifukuzwa sijui.

Punje zilikuwa mfukoni. Nikazirudisha nyumbani.

Ningeweza kusema nimepanda. Nani angejua? Nimelifikiria hilo vizuri. Halafu nikamwaza mtoto wa Ouma akiumwa malaria, malaria ya kawaida tu, na mimi huku najua nilidanganya. Nisingeweza kukaa na kitu hicho.

Jumamosi, 5 Aprili

Ouma: "Jumatano napanda. Uwe umepanda au hujapanda."

Mama akanipigia analia. Ouma akipanda kabla yangu, yeye Mama anahama, anarudi kwao alikozaliwa. Mwanamke wa miaka sabini. Anasema hatakaa kwenye boma ambalo wanawe wanarukana kama mbuzi.

Nimemkasirikia Ouma. Nimemkasirikia Mama. Baba ndiye nimemkasirikia zaidi, kwa kufa. Kisha nikaona aibu.

Jumapili sitaenda kanisani. Watauliza habari za nyumbani.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepanda.

Woodbury, ukuta ule ule. Bosi alikuwa ndani ya gari lake anaongea na simu. Nilimwambia Baba Furaha asubuhi tukiwa njiani. Hakucheka. Akasema, "Minabaki ku toroli, naangalia patron. Wewe fanya mbio." Patron kwao ni bosi. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti, makusudi, na akamwaga toroli zima la maganda ya miti mahali ambapo hapakuhitaji, apate sababu ya kuinama akiokota.

Nilipiga magoti. Nikatoboa mashimo matatu kwa kidole, nyuma ya maua, karibu na ukuta. Nilikuwa nimeandaa maneno. Yakapotea. Nikasema tu, "Hizi ni za Omondi," kama Baba. Nikafukia.

Pazia lilisogea. Sijui kama aliona.

Bosi akateremka, akauliza kwa nini maganda yamerundikana pale. Baba Furaha akamwambia toroli ni bovu. Bosi akalikagua gurudumu. Nilibana pumzi mpaka akaondoka.

Nikatuma ujumbe nyumbani: nimepanda. Kisha nikaingia kwenye pikapu nikalia. Sikuwa nimelia Novemba.

Jumanne, 8 Aprili

Nyumbani wamepanda. Akinyi asubuhi na mapema. Ouma alikuwa amesimama mpakani na jembe begani, anamngoja amalize. Okoth mchana. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Akinyi aliandika, akiniita kwa jina la binti yetu, "Baba Atieno, koti lako linavuta blanketi."

Siku nzuri. Nimekula mara mbili.

Jumapili, 13 Aprili

Theluji. Imefunika kila kitu. Nilikaa dirishani nikiiangalia. Nafikiria zile punje tatu. Niliziweka kwenye hili jokofu mwenyewe.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumerudi Woodbury. Theluji imeisha, maua yamesimama mekundu na ya njano. Niliinama kama nang'oa magugu. Mashimo yangu yamefukuliwa. Maganda ya punje juu ya udongo. Kindi. Mmoja alikuwa juu ya ukuta, mnene, ananitazama.

Sikutaka uwongo uanze sasa. Nilimpigia Mama. Akauliza, "Ni kindi tu?" Nikasema ndiyo. Akasema kindi wako kila mahali, hata kwake wamefukua mstari mzima, mtu huziba mapengo na kuendelea. Mbegu ilishaingia ardhini, hilo limekwisha.

Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Ila ziba mapengo yako," akasema. "Wakati wa kuonja si unajua."

Najua. Nilikuwa nimesahau kwamba najua. Mkubwa ndiye huonja mahindi mapya kwanza. Kabla yake hakuna mdogo anayevunja hata hindi moja la kuchoma. Zamani Baba alikuwepo, alionja yeye. Sasa Baba mdogo Opiyo anasema ulipopanda ndipo utakapoonja. Lazima mahindi yaote huku. Yakomae huku. Nile.

Hawa watu wamenifunga kamba ndefu kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 4 Mei

Chini ya ukuta ule siwezi kurudi. Mahindi yakifika kiunoni hayafichiki nyuma ya maua.

Mama Furaha ana uwanja nyuma ya nyumba wanayopanga Maplewood. Baba Furaha analala huku Saint Paul siku za kazi, kwake anaenda mwisho wa wiki, na Jumatano jioni. Nilienda naye kuomba. Mama huyu hatoi hata shibiri moja ya udongo. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mahindi inakulaka udongo yote! Lenga-lenga yangu itakula nini? Nakupatia mistari mbili, kule mwisho kwa mbao. Na unanilimia yote."

Lenga-lenga ni mchicha wao. Nikasema asante.

Nimelima yote. Siku yangu ya kupumzika. Kila mtaa watu wamejaa kwenye bustani zao na kofia na glavu, wanacheka, wanalima kwa furaha. Binti wa kwanza, Furaha mwenyewe, alikaa kwenye ngazi na simu. Mama yake akamwambia kwa Kiswahili aje asaidie. Akajibu kwa Kiingereza kwamba mimi nalima vizuri.

Kupanda bado. Mama Furaha amesema katikati ya mwezi, baridi ya usiku ikiisha. Amekaa huku miaka tisa, anajua.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepanda mistari miwili. Nimeweka wavu wa waya kwa ajili ya kindi. Hakuna aliyenichungulia safari hii. Sikulia, sikusema kitu. Mikono ilijua kazi yake.

Jumatatu, 19 Mei

Otieno anauliza nakuja lini. Kitanda kipo. Nikahesabu miezi kwenye vidole, Juni, Julai, Agosti. Nikamwambia si kabla ya Septemba. Akauliza ni mwanamke? Nikasema ni mahindi. Akadhani namtania, akakata.

Nyumba ya mama mzee wa Woodbury tulipita leo kukata nyasi. Bosi alitoa karatasi iliyobandikwa mlangoni, akatusomea: anashukuru kazi nzuri, na anaomba yule anayeimba aimbe tena. Bosi akatutazama. Baba Furaha akaimba. Mimi nikakata nyasi.

Jumatano, 28 Mei

Yameota. Si yote. Kumi na moja upande mmoja, sita upande mwingine. Majani mawili mawili, membamba kama masikio ya panya.

Nilikaa pale mpaka Baba Furaha akapiga honi.

Jumapili, 1 Juni

Ouma ametuma picha. Mahindi yake yamempita kifua. Amesimama katikati, na mtoto wake mdogo haonekani ila mkono. Ya Akinyi ni mazuri zaidi, ingawa Ouma hakusema. Yatakomaa kabla ya yangu. Wiki nyingi kabla. Mtu yeyote anaona.

Nilimtumia picha ya yangu. Nikaweka kiatu pembeni apate kipimo. Nikaandika kwamba nitamwambia Mama awaruhusu wale, mimi si kitu, wasishinde njaa kwa ajili ya mtu aliye mbali. Niliandika kweli, si kwa hasira.

Hakujibu mchana wote. Niliondoa magugu. Mama Furaha alitoka na sahani ya ugali, akaangalia mistari yangu, akavuta waya ukakaza vizuri, akarudi ndani.

Jioni, kwao usiku wa manane, simu ikalia. Ouma. Maneno matatu tu.

"Tutakungoja. Mwagilia maji."

Nimemwagilia. Nikanawa mikono kwenye bomba la nje, na udongo wa kwenye kucha haukutoka wote. Gari lilikuwa linanguruma barabarani. Nikapanda.