Lenzi ya Rizuane

Nadia shoga yangu, leo nitaua mtu. Kaka yangu Rizuane, huyo huyo!

Nilimwambia nataka lenzi ya kamera ya milimita 28. Ya 28! Kamera yangu naichungulia kwa kidirisha cha pembeni, na kidirisha chenyewe mwisho wake 28. Namba ikishuka chini ya hapo, lenzi inaona pana kuliko kidirisha, inaona nisichokiona mimi. Kaniletea ya 15 kutoka mjini Pemba. "Dada, pana zaidi ndiyo bora." Ati bora!

Leo huku kijijini Mute nimempiga picha bi harusi chumbani, kwa wanawake. Kidirishani namwona yeye tu, kajisitiri, kapendeza. Nikairusha kwenye grupo la harusi la simuni, wanaume na wanawake humo humo, bila kuikagua, maana walishanichosha na "tuma, tuma".

Nadia, pembeni yumo mama yake! Kichwa wazi, mabega wazi, anajipaka msiro wake mweupe usoni. Mke wa shehe, Nadia! Mke wa shehe!

Nimeifuta, lakini wapi.

Nampigia Rizuane, ananijibu, "Si ungekata tu hiyo pembeni?"

Ningekata tu! Nikamuuliza: na macho ya wakwe waliokwisha kumwona, hayo nikayakate na nini?