Matawi ya Makanya

Mama mpenzi, shikamoo.

Nimefika Same salama. Milima ya Pare kwenye picha ya kadi hii ni ya kijani, lakini leo imefunikwa na vumbi, na huku chini majani yote yamekauka.

Jana nilikwenda Makanya, pale pikipiki ya kaka Elia ilipogonga lori bovu. Nilimkuta mwanafunzi wa kemia akipaka mawe rangi aliyoibuni katika utafiti wake, inayong'aa ikimulikwa na taa. Anataka gari likiharibika, madereva wapange mawe hayo barabarani badala ya matawi.

Mzee mmoja mfugaji alikuwa akimtazama. Akamwuliza, "Kijana, rangi hiyo mbuzi hawaili?"

Mwanafunzi akacheka. "Hawaili, mzee."

"Basi umetusaidia. Wakati wa ukame lori liliharibika hapa. Tukakata matawi, tukayapanga vizuri. Mbuzi wakala majani yote, vikabaki vijiti vya rangi ya vumbi. Giza lilipoingia akaja kijana wa watu na pikipiki. Hakuona kitu, masikini."

Nilishindwa kumwambia kwamba kijana huyo ni wetu. Nilimshukuru tu, naye hakujua kwa nini.

Mama, wanaosema Elia alikuwa amelewa, waambie habari ya mbuzi. Najua haitamrudisha. Ila Jumapili kanisani ukae benchi lako la mbele, usijifiche tena kule mlangoni. Na unywe uji ungali moto.

Mwanao akupendaye,
Naomi