Meli Imeondoka na Begi Letu

Mwenzangu, nimeachwa bandarini. Meli imeondoka na mume wangu yumo ndani!

Pasi yangu ya kusafiria imebakiza miezi mitano. Dada wa ukaguzi ananiambia masharti yamebadilika mwezi uliopita, sasa wanataka sita.

Na unakumbuka siku nilipompeleka bwana huyo kubadilisha yake? Nikasema nibadilishe na yangu. Akanijibu, "Ya nini? Siku ya safari itakuwa na miezi mitano, si inatosha!"

Nikajua tunarudi nyumbani wote. Mtu akaitazama meli, akanitazama mimi, akasema, "Sasa mke wangu, tukose wote wawili?"

TUKOSE WOTE WAWILI. Mbele ya foleni nzima. Na safari yenyewe ni ya kusherehekea miaka ishirini ya ndoa!

Akanibusu kwenye paji la uso, akaburuta begi akaenda zake. Begi lenyewe ni moja. Hata nguo zangu za ndani zimekwenda kutalii.

Sasa hivi kanitumia picha. Kitanda kimemwagiwa maua, mito miwili. Kaandika, "Ungekuwepo ungefurahi."

Silii. Njoo unichukue, ila mpitie kwanza fundi wa vitasa. Akirudi, nitamwambia mlangoni kwamba masharti yamebadilika.